Ni Nani Atakayejibu?

Tafakari yetu ya juma hili inahusu vitabu, na safari hii si vitabu vya sala. Tunataka kusema juu ya aina tatu za vitabu ambavyo watu wazima huvinunua kwa fedha zao wenyewe wakitafuta msaada katika mambo ya dunia: vitabu vya Marekani vinavyofundisha namna ya kurithi akaunti za kustaafu, vitabu vya balagha, yaani ufundi wa kusema na kushawishi, na vitabu vya maadili ya roboti. Mtu akivitazama juujuu ataviona kama abiria watatu waliokutana kituoni, kila mmoja na mzigo wake na safari yake. Sisi tunaona vingine. Tumesoma vitabu kadhaa vya kila aina, baadhi kwa furaha na baadhi kwa kusinzia, na tunasema wazi kwamba vina kasoro moja. Kila kimoja kinaeleza kwa bidii jinsi jambo linavyofanyika vizuri, lakini mtu anayepaswa kulijibia jambo hilo anaachwa atoke kimyakimya.

Labda msomaji atauliza: akaunti za Wamarekani zinatuhusu nini sisi? Zinatuhusu. Ndugu zetu wengi wanafanya kazi huko, katika hospitali, katika nyumba za kutunzia wazee, katika maghala na katika malori ya masafa marefu. Siku ya kuajiriwa mtu hupewa rundo la karatasi, au siku hizi kurasa za kujaza katika kompyuta, na mojawapo humwuliza: ukifa, akiba yako ya kustaafu apewe nani? Yeye ana haraka ya kuanza kazi. Anaandika jina la kwanza linalomjia, au analiruka swali, kisha miaka inapita. Hajui kwamba kwa fedha hizo amekwisha kuandika neno lenye nguvu kuliko wosia.

Nalo lina nguvu kweli. Sheria kuu ya Marekani ya mafao ya wafanyakazi, ile ya mwaka 1974 ijulikanayo kwa kifupi kama ERISA, humtaka msimamizi wa mfuko alipe kwa kufuata hati za mfuko wenyewe. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya Egelhoff. Mtu mmoja wa jimbo la Washington aliachana na mkewe mwaka 1994, na muda mfupi baadaye akafa kutokana na ajali ya gari, kabla hajaibadili fomu yake. Sheria ya jimbo ilisema kwamba talaka hulifuta jina la mtalaka, na watoto wa marehemu wa ndoa ya awali waliitegemea sheria hiyo. Mahakama, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilisema sheria ya shirikisho huishinda ile ya jimbo, na watoto wakashindwa.

Miaka minane baadaye, Januari 2009, ikaamuliwa kesi iliyokuwa chungu zaidi. Mfanyakazi wa kampuni ya DuPont alikuwa amemwandika mkewe katika fomu mwaka 1974. Wakaachana mwaka 1994, na katika amri ya talaka mke alikana haki yoyote juu ya mafao hayo. (Juu ya talaka yenyewe tuna maneno mengine, lakini si ya leo.) Mume akafa mwaka 2001. Fomu ilikuwa ileile. Mfuko ukamlipa mtalaka kiasi cha dola 402,000, na binti wa marehemu, aliyekuwa msimamizi wa mirathi, akaenda mahakamani kuzidai. Majaji wote tisa wakasema mfuko haukukosea, kwa kuwa ulifuata hati zake.

Sababu ya majaji tunaielewa. Anayesimamia akaunti za watu laki moja hawezi kuketi na kila ukoo na kusikiliza nani alimwuguza marehemu na nani alikuja siku ya mazishi tu. Anahitaji karatasi moja, jina moja na hundi moja. Lakini angalieni kilichojengwa: chombo kinacholitekeleza neno ambalo mtu alilitamka miaka 27 iliyopita, bila kuuliza, bila kusita, bila kuweza kubembelezwa. Kabla hatujazifikia roboti za chuma, hii tayari ni roboti ya karatasi. Na ukitaka kujua ni nani hasa aliyemnyima binti yule, humpati. Marehemu yuko kaburini. Msimamizi wa mfuko alifuata hati. Majaji walifuata sheria. Aliyepokea alipokea alicholetewa.

Sasa twende kwenye vitabu vyenyewe. Ed Slott, mhasibu wa New York, alitoa mwaka 2003 kitabu ambacho jina lake linaifananisha akiba ya kustaafu na bomu lililotegwa saa. Natalie Choate, mwanasheria, aliandika Life and Death Planning for Retirement Benefits, kilichotoka kwanza mwaka 1996 na kufikia toleo la nane mwaka 2019. Tuwe watu wa haki: ni kazi za uaminifu. Wote wawili humsihi msomaji aitazame fomu yake, na familia ambayo ingesikia neno hilo moja tu ingekuwa imepata thamani ya fedha zake. Hatuna ugomvi na hesabu zao.

Ugomvi wetu ni huu: katika vitabu vya namna hii adui ni mmoja tu, naye ni kodi. Hadi mwaka 2019 mjukuu aliyerithi akaunti aliweza kutoa fedha kidogo kidogo kwa kipimo cha umri uliotarajiwa kumbakia, na ufundi mkubwa wa waandishi ulikuwa kuurefusha muda huo kadiri iwezekanavyo. Ndipo tarehe 20 Desemba 2019 ikatiwa saini sheria iitwayo SECURE. Tangu mwaka 2020 warithi walio wengi hawana budi kuimaliza akaunti kabla ya mwisho wa mwaka wa kumi baada ya kifo. Wamebaki wachache wenye nafuu: mjane au mgane, mtoto wa marehemu aliye chini ya umri, mlemavu, mgonjwa wa muda mrefu, na mrithi ambaye hakupitwa na marehemu kwa zaidi ya miaka kumi. Sura zilizochapwa mwaka huohuo juu ya ule ufundi wa kurefusha zilizeeka kabla ya Noeli. Kisha ikazuka mabishano: je, ndani ya miaka hiyo kumi ni lazima kutoa kiasi kila mwaka, au yatosha kumaliza mwishoni? Wataalamu wenyewe walikuwa wakiisoma sheria tofauti, hata mamlaka ya kodi ikasamehe faini za miaka ya 2021 hadi 2024. Kanuni za mwisho zikatoka Julai 2024 na kuanza kutumika mwaka 2025: ikiwa marehemu alikwisha kufikia tarehe yake ya kulazimika kutoa fedha, mrithi wa miaka kumi naye hutoa kila mwaka. Faini ya kusahau, ambayo zamani ilikuwa nusu ya kiasi kilichopaswa kutolewa, ilishushwa na sheria ya mwishoni mwa 2022 hadi asilimia 25, na asilimia 10 kwa anayejirekebisha mapema.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa makusudi. Mtu anayesoma kurasa mia kadhaa za mambo kama hayo hutoka akiwa hodari, na uhodari huo una hatari yake. Ameshughulishwa sana na swali la lini na kiasi gani, hata swali la nani amelisahau. Dada aliyeacha kazi ili amwoshe mama yake kwa miaka sita hana safu katika jedwali la umri uliobakia. Mtoto aliyezaliwa nje, ambaye marehemu alimjua na kumficha, hana safu. Vitabu hivi mara chache humwuliza msomaji ana deni gani kwa nani. Humwuliza amependa kumpa nani, kana kwamba kupenda na kudaiwa ni jambo moja.

Hata jina la kitu lina udanganyifu ndani yake. Mwaka 2014, katika kesi ya Clark dhidi ya Rameker, mwanamke aliyerithi akaunti ya kustaafu ya mama yake alifilisika, akaomba akaunti ile isiguswe na wadai kwa kuwa fedha za kustaafu hulindwa na sheria ya ufilisi. Mahakama ya Juu ilikataa kwa kauli moja. Mrithi hawezi kuongeza fedha katika akaunti ile, hulazimika kuzitoa hata kama kustaafu kwake ni mbali, na anaweza kuzitumia zote kesho bila adhabu. Ni fedha za kustaafu za nani, basi? Aliyestaafu amekufa, na aliye hai hajastaafu. Tunawapongeza majaji wale kwa kukataa kulishwa jina. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, kuna mtu aliyemwomba Yesu amwamuru ndugu yake amgawie urithi. Yesu alikataa kuwa mgawaji, akageukia tamaa. Waandishi wetu wa fedha wamefanya kinyume: wameshika mizani ya mgawaji, na ile sehemu ya pili wameiacha.

Tumegusa sasa jambo la majina na maneno, nalo ndilo shamba la vitabu vya aina ya pili. Kila aliyelea watoto ameisikia sentensi hii: sahani imevunjika. Mtoto wa miaka minne hajasoma sarufi, lakini anajua kwamba Kiswahili kina kauli ya kutendeka, na kwamba kauli hiyo haina nafasi ya mtendaji. Ukisema sahani imevunjwa, mama atauliza imevunjwa na nani. Ukisema imevunjika, imejivunjikia tu, kama mvua inavyonyesha. Watu wazima tunaendelea palepale alipoachia mtoto. Fedha za mradi zimepotea. Ombi lako limeshindikana. Jina halikuonekana kwenye mfumo. Balagha yote ya ofisini imo katika viambishi viwili vidogo.

Mabingwa wa kale wa balagha walimtafuta mtendaji. Aristotle alitaja njia tatu za kushawishi, yaani hoja, hisia za wasikilizaji na tabia ya msemaji, akaiona tabia kuwa karibu na kuzipita nyingine zote. Quintilian, aliyefundisha Roma na kuandika vitabu 12 juu ya ufundi huu mnamo mwaka 95, alishikilia katika kile cha mwisho kwamba mtu mbaya hawezi kamwe kuwa msemaji wa kweli, hata akiwa na ulimi wa asali. Mtakatifu Agostino aliifundisha balagha Milano tangu mwaka 384, akaiacha kazi hiyo mwaka 386, na uzeeni, mnamo 426, alipokamilisha kitabu cha nne cha De Doctrina Christiana, hakuitupa. Alimfundisha mhubiri aitumie, ila alisema kwamba maisha ya msemaji yana uzito kuliko ufasaha wake wote. Kwa hao watatu, nyuma ya neno alikuwapo mtu unayeweza kumwendea na kumwambia: wewe ulisema.

Linganisheni na vitabu vya balagha vinavyouzwa leo. Tutaje kimoja kilichosomwa sana, Thank You for Arguing cha Jay Heinrichs, cha mwaka 2007. Kinachekesha, kimejaa maarifa ya wakale, na hatuoni aibu kusema tulikifurahia. Lakini ndani yake tabia njema imekuwa chombo cha kazi: namna ya kuonekana mwenye busara, namna ya kuonekana hujitafutii faida. Kweli, Aristotle mwenyewe aliliacha lango hilo wazi, maana alizungumzia sifa ambayo hotuba yenyewe humjengea msemaji. Lakini kuacha lango wazi ni kitu kimoja, na kutengeneza barabara ya lami kupita hapo ni kitu kingine. Tukikubali kwamba tabia ya msemaji ni sura tu inayotengenezwa na maneno, basi chochote kinachotengeneza maneno kinaweza kuwa na tabia. Mashine nayo ikiwemo.

Hilo lilitabiriwa mapema. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alieleza programu aliyoiita ELIZA, iliyojifanya mshauri wa magonjwa ya akili kwa kuyageuza maneno ya mtu kuwa maswali. Ilikuwa hila nyepesi. Katika kitabu chake cha mwaka 1976, Computer Power and Human Reason, anasimulia kwamba katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba atoke chumbani. Weizenbaum alitishika. Hakuitishikia akili ya mashine, kwa kuwa haikuwa nayo. Aliitishikia wepesi wa binadamu wa kukabidhi moyo wake kwa kitu kisichoweza kumjibia. Mtu huyu alikuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler akiwa kijana, na akaandika kwamba yako mambo ambayo kompyuta isifanye hata kama inaweza. Kitabu chake kina karibu nusu karne, na kwetu bado kinasimama juu ya vingi vilivyokifuata.

Vilivyokifuata ni vipi? Mwaka 2009 Wendell Wallach na Colin Allen walitoa Moral Machines, juu ya kuzifundisha roboti mema na mabaya. Mwaka huohuo Ronald Arkin, profesa wa roboti huko Georgia, alitoa kitabu juu ya roboti za vita zinazojiamulia. Hoja ya Arkin isidharauliwe. Anasema askari huogopa, hukasirika, hulipiza kisasi, na anataja uchunguzi wa jeshi la Marekani lenyewe uliofanywa Iraki, ambamo chini ya nusu ya askari walikubali kwamba raia wanastahili kutendewa kwa heshima. Roboti haina hasira. Kwa nini basi isiue kwa uadilifu kuliko mtu? Akaibunia hata kipimo cha majuto: roboti ikifanya madhara kuliko ilivyokadiria, namba hupanda, na matumizi ya silaha hupunguzwa.

Hapo ndipo tunapogoma. Namba inayopanda si majuto. Askari aliyeua raia anaweza kushtakiwa, anaweza kuota usiku, anaweza kwenda kwa mama wa marehemu akapiga magoti. Kwa nini tukiite kile kipimo kwa jina la majuto, kama si kwa sababu jina hilo linatupunguzia sisi kazi? Arkin, kwa haki, aliweka pia katika mchoro wake sehemu ya kuhakikisha kwamba yuko mtu anayeipokea dhamana kabla roboti haijatumwa. Tungependa hiyo ingekuwa sura ya kwanza ya kitabu na kipimo cha majuto kiwe tanbihi. Robert Sparrow wa Australia alikwisha kuonya mwaka 2007 kwamba silaha inayojiamulia hufungua pengo: aliyeitengeneza atasema hakuikusudia, kamanda atasema hakuiamuru, na mashine haiadhibiki. Baba Mtakatifu Fransisko, alipozungumza na wakuu wa G7 huko Puglia tarehe 14 Juni 2024, alisema kwamba isiwepo mashine yoyote ya kuchagua kuuondoa uhai wa mtu. Wapo waliomsikiliza kana kwamba mzee anaogopa vyombo vipya. Sisi tulisikia swali la Sparrow likiulizwa mezani kwa wenye silaha.

Tuache vita, kwa maana pengo hilo limekwisha kuua barabarani. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lililojiendesha lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka akisukuma baiskeli. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilieleza mwaka 2019 kilichotokea. Mfumo ulimwona sekunde 5.6 kabla, ukawa unabadili mawazo: ni gari, ni kitu kingine, ni baiskeli. Haukuwa umeundwa kumtarajia mtu anayevuka mahali pasipo alama. Breki za dharura za gari lenyewe zilikuwa zimezimwa wakati mfumo wa kampuni ukiendesha. Ndani alikuwamo msimamizi mmoja, ambapo miezi michache nyuma walikuwa wakikaa wawili, naye alikuwa akitazama simu. Bodi ilimlaumu yeye, na pia iliutaja utamaduni dhaifu wa usalama katika kampuni na usimamizi hafifu wa jimbo. Na mahakamani? Machi 2019 mwendesha mashtaka alisema haoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Julai 2023 msimamizi yule alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka mitatu ya uangalizi.

Hatusemi hakuwa na hatia. Alikuwa nayo. Tunasema kwamba mti ulioanguka ulikuwa na matawi mengi, na sheria ikaliokota lile lililokuwa chini kabisa. Mtafiti Madeleine Elish amelipa jambo hili mfano unaofaa: magari huwa na sehemu ya mbele iliyotengenezwa ibonyee wakati wa ajali ili abiria wapone, na katika mifumo ya mashine binadamu wa chini amewekwa awe sehemu hiyo. Anabonyea yeye, mfumo unapona.

Na wa chini hao hawako Arizona tu. Januari 2023 gazeti la Time lilieleza kwamba vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama walikuwa wamesoma, kwa kazi ya OpenAI, maandishi ya ukatili na unajisi wa watoto, ili mashine ya ChatGPT ifundishwe kuyatambua na kuyaepuka. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Tunapoambiwa mashine hiyo ina adabu, tukumbuke imezitoa wapi adabu zake. Kitabu cha maadili ya roboti kitakachoandikwa baada ya hapo bila kuwataja watu hao, sisi hatutakinunua.

Yuko atakayesema tunakuza mambo, kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayedhani mashine ndiyo ya kulaumiwa. La hasha. Kuna kampuni iliyosema hivyo mbele ya baraza la sheria. Novemba 2022 kijana mmoja wa Kanada alifiwa na bibi yake. Akaiuliza programu ya mazungumzo ya shirika la ndege la Air Canada juu ya nauli nafuu ya wafiwa, ikamjibu kwamba anaweza kusafiri kwanza na kuomba nafuu hiyo ndani ya siku 90. Haikuwa kweli. Alipodai, shirika lilikataa, na katika utetezi wake likatoa hoja kwamba programu ile ni kama chombo kinachojitegemea, chenye kuwajibika kwa matendo yake. Februari 2024 baraza la British Columbia liliistaajabia hoja hiyo, likaitupa, na kuamuru alipwe kiasi cha dola 812 za Kanada. Fedha ni kidogo. Lakini someni tena ile hoja, iliyoandikwa na watu wazima wenye mishahara: sahani imevunjika.

Ndiyo maana tumeviweka vitabu hivi katika tafakari moja. Leo ndugu yetu aliyeko Minneapolis, aliyefiwa na mama yake na kuachiwa akaunti ya kustaafu, hahitaji kumsoma Slott wala Choate. Anaweza kuiuliza programu ya akili mnemba usiku, akiwa bado na sare za kazini, nayo ikamjibu kwa Kiswahili laini, kwa pole na kwa upole, kwa sauti ya mtu anayemjali. Ikiwa imejifunza sheria ya kabla ya 2020, itamwambia anayo maisha yake yote ya kuzitoa fedha hizo. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba majibu yanaweza kuwa na makosa na kwamba mtumiaji ahakikishe mwenyewe. Barua ya mamlaka ya kodi, yenye ile asilimia 25, itaandikwa kwa jina lake yeye.